Jibu kwa mama wa Buffalo: theluji, habari za Goma na Kilimia

Barua yenyewe, kwa ufupi:

"Mama mshauri, nakusalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Goma, Kongo. Niko Buffalo, jimbo la New York, tangu 2019, na kazi yangu ni ya usiku. Januari 2025, juma lile Goma ilipochukuliwa, ndipo na safari za wakimbizi kuja Marekani zilipofungwa. Dada yangu aliyeko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akaambiwa asubiri, na mpaka leo anasubiri. Nje kulikuwa kweupe kila mahali. Tangu siku hiyo theluji ikianza kuanguka, na moyo wangu unaanguka nayo. Nasema: haya, leo tena kuna habari. Watoto wangu wanaifurahia, wanapiga kelele. Mimi naiona kama sanda. Nauliza: hii baridi inaniambia nini? Ni Mungu ananisemesha? Na kama hainiambii kitu, nitaishije ndani yake miezi mitano kila mwaka?"

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Mimi ni mwanasaikolojia mshauri, mzaliwa wa Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na huu ni mwaka wangu wa kumi na nane katika jimbo hilohilo la New York. Theluji unayoiandikia naijua kwa koleo na kwa mgongo. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu umeuliza mambo mawili kwa mara moja, na la kwanza lisipokaa sawa la pili halitajibika.

Kwanza, kumbukumbu yako haikudanganyi. Wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia Goma tarehe 27 Januari 2025, na tarehe hiyohiyo ndipo amri ya kusitisha mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi, iliyotiwa saini wiki moja kabla, ilipoanza kufanya kazi. Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Kwa hiyo sishangai kwamba akili yako ilivifunga vitu vitatu kwa kamba moja: vita, mlango uliofungwa, na ule weupe wa dirishani. Akili iliyoshtuka hukamata chochote kilichokuwa karibu, harufu, wimbo, rangi ya mbingu, ikaviweka pamoja ili siku nyingine ikuonye mapema. Haichagui. Ungekuwa umepokea habari zile ukiwa unakaanga samaki, leo ungekuwa unaogopa harufu ya samaki. Wala hujarukwa na akili. Hivyo ndivyo mwili unavyojilinda, na kwako wewe umejilinda kupita kiasi.

Kuhusu ishara. Habari ya Mungu nakuachia wewe na mchungaji wako, mimi sina mamlaka ya kusema Mungu amesema au amenyamaza. Ninachoweza kukueleza ni mahali theluji ya Buffalo inakotoka, na nadhani utanielewa upesi kuliko wengi, kwa kuwa umekulia kando ya ziwa. Joto la kiangazi likiisha, maji ya Ziwa Erie hubaki na uvuguvugu wao kwa wiki nyingi. Novemba na Desemba upepo wa baridi kali hutoka magharibi, hupita juu ya maji hayo kwa urefu wote wa ziwa, karibu kilomita 390, ukinyonya mvuke njia nzima. Ukifika nchi kavu upande wa mashariki, ambako ndiko Buffalo ilikokaa, unautua mzigo wote hapo. Mawingu yenyewe huja kama mkanda mwembamba. Novemba 2022 Orchard Park, kusini tu mwa jiji lenu, palianguka theluji ya kiasi cha mita 2 katika dhoruba moja, na vitongoji vya kaskazini vikapata kidogo zaidi kwa mbali. Barua gani hiyo ya kupelekwa mtaa mmoja ikaruka wa pili, na wote wana ndugu zao nje?

Tena Erie ni ziwa la kina kifupi, wastani wake kama mita 19 tu. Kivu lenu, mahali penye kina kirefu kabisa, linafika kama mita 480, na halijui kuganda. Erie huganda upesi, mara nyingi Januari au Februari, na likishaganda ule mvuke unakatika. Theluji ya ziwa inapungua, mawingu yanaachana, anga linafunguka. Baridi inazidi kuuma, lakini anga linafunguka. Jambo hili liweke akilini, nitalirudia.

Nisije nikaonekana nakuambia theluji ni rafiki. Dhoruba ya Krismasi ya 2022 iliua watu zaidi ya 40 katika eneo la jiji lenu, wengine ndani ya magari, wengine majumbani mwao, wengine wakitembea kutafuta msaada. Wewe ulikuwapo. Hofu yako ina chembe ya akili ndani yake, na hiyo chembe uitunze: chakula cha siku kadhaa ndani, simu iliyojaa chaji, na ukiambiwa usitoke, usitoke, hata kama kazini wanakungoja. Na jambo moja ambalo mtu wa Goma hahitaji kuelezwa mara mbili: unaijua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kujaa mabondeni, isiyoonekana, inayolaza mbuzi na watoto. Jiko la makaa likiwashwa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha hutoa hewa yake yenyewe ya kuua, tofauti na mazuku lakini kimya vilevile. Umeme ukikatika jifunikeni mablanketi wote kitanda kimoja. Makaa yabaki nje.

Sasa mwili wako. Umesema unafanya kazi usiku, ukapita haraka, na mimi hapo ndipo niliposimama. Mwishoni mwa Desemba jua la Buffalo huchomoza takriban saa 1:45 asubuhi na kuzama kama saa 10:50 jioni. Ukitoka kazini saa moja, bado giza. Ukifika nyumbani ukawapeleka watoto shule, ukalala, ukaamka saa kumi, jua linaaga. Inawezekana unamaliza wiki nzima hujaliona kwa macho. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake waliieleza rasmi sonona inayokuja na majira ya giza na kuondoka na mwanga: usingizi usiokwisha, hamu ya wanga na sukari, mwili mzito kama umebeba gunia, kutotaka watu. Sijui kama ndiyo uliyonayo, na siwezi kukupima kwa barua. Lakini kabla hujatafuta maana ya huzuni yako, hakikisha kwanza kwamba sehemu yake si giza tu. Mwambie daktari wako. Muulize kuhusu taa ya tiba, ile ya nguvu ya luksi 10,000 ambayo mtu huketi mbele yake kama nusu saa kila anapoamka. Kwa mtu wa zamu ya usiku saa za kuitumia hupangwa na daktari, na mwenye ugonjwa wa macho au wa hisia zinazopanda na kushuka asiitumie bila kuuliza. Muulize pia apime vitamini D. Ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili kuitengeneza, na jua la majira haya kule kwenu halitoshi hata kwa ngozi nyeupe. Hospitali inatakiwa ikupe mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Mtake. Mtoto wako asigeuzwe mkalimani wa machozi ya mama yake.

Na siku yoyote ukiona huwezi tena, ukiwaza kwamba afadhali usiwepo, piga 988, namba ya msaada ya huko Marekani, mchana au usiku.

Kuna jambo lingine la mwili ambalo halimo katika vitabu vyangu vya shule, nimeligundua kwa kuishi. Sisi tuna saa yetu. Saa ya Kiswahili imeshonwa juu ya jua la ikweta: jua likichomoza, siku inaanza, na baada ya saa moja ni saa moja. Saa kumi na mbili jioni maana yake giza linaingia, watoto warudi, taa iwashwe. Goma iko karibu sana na ikweta, mchana wake ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo saa na mbingu hazigombani kamwe. Buffalo zinagombana. Unasema saa kumi na moja jioni na nje ni usiku wa manane. Unasema saa moja asubuhi na hakuna asubuhi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikitazama saa ya ukutani nahisi nadanganywa, na sikuweza kumweleza mtu yeyote wa pale kwa nini, maana saa yao haikuahidi chochote kuhusu jua. Nakuambia hili ili ujue kwamba sehemu ya unachokiita kuchanganyikiwa ina jina: umebeba saa ya ikweta ukaja nayo nyuzi 43 kaskazini. Usiitupe. Ila usiihukumu siku yako kwayo.

Nimefika sasa kwenye sanda. Mtu huona sanda akiwa na maiti. Wewe maiti wako ni nani? Dada yako yu hai, yuko Nyarugusu, anapokea simu mtandao ukikubali. Mtaa wako wa Goma upo, lakini huwezi kwenda, na baadhi ya waliokuwa ndani yake hujui walipo. Mtafiti mmoja wa Marekani, Pauline Boss, katika miaka ya 1970 aliwachunguza wake wa marubani waliopotea katika vita vya Vietnam: hawakuletewa maiti, hawakurudishiwa mume. Akaona kwamba huzuni ya namna hiyo haifuati njia ya huzuni nyingine, inaganda. Mimi kwa Kiswahili huiita msiba usio na matanga. Kwetu mtu akifa turubai linafungwa, wanawake wanapika, watu wanalala chini pamoja, na siku inafika matanga yanaanuliwa na kila mtu anajua kwamba kuanzia leo unaruhusiwa kucheka. Wewe hujapata mtu wa kukukalia matanga, kwa sababu hakuna aliyekufa. Hivyo huwezi kuomboleza na huwezi kuanua. Ukafungua pazia ukaona kila kitu kimefunikwa nyeupe, na moyo ukasema: angalau huyu amenielewa.

Mdogo wangu, theluji haikukuambia kitu. Wewe ndiye uliyesema, ukaiazima rangi yake. Hilo si kosa wala si upumbavu, na halina dhambi. Ninachotaka uone ni kwamba kama uliweza kuipa maana ya sanda, uwezo huo ni wako, na unaweza kuipa na nyingine. Haitakuwa kwa kujisemea maneno mazuri, maana baridi hailainishwi na maneno mazuri. Itakuwa kwa kazi.

Nieleze. Kule Makete, Juni na Julai, baridi ya kipupwe huingia mpaka kwenye mifupa. Alfajiri unakuta sakitu imelala juu ya nyasi, nyeupe, kavu, inavunjika chini ya mguu. Bibi yangu alikuwa na bustani ya viazi bondeni, vinyungu kama tunavyoviita, na baridi ya usiku hutelemka ikajaa bondeni kwanza. Alikuwa akiniamsha kabla hakujapambazuka. Tunashuka na ndoo, vidole vimekufa ganzi, tunayamwagia maji majani ya viazi ili sakitu iyeyuke kabla jua halijaipiga, kwa sababu jua likiikuta, ifikapo saa nne majani yamekuwa meusi kama yameunguzwa kwa moto. Hiyo ndiyo kumbukumbu yangu ya kwanza ya baridi. Ilikuwa baridi hasa, nilikuwa nalia. Lakini sikuwahi hata siku moja kuuliza baridi ile inaniambia nini. Ilikuwa na kazi yake, na kazi ilikuwa na watu wake, na tukirudi kulikuwa na uji.

Majira yetu yote yako hivyo. Huko Kivu Septemba si Septemba tu, ni maharage na mahindi ya kupanda. Pwani, kaskazi ulikuwa upepo uliowaleta watu wa majahazi kutoka Uarabuni na kusi upepo uliowarudisha, na watu walipanga harusi na madeni kwa pepo hizo. Sasa tazama majira yako ya baridi ya Buffalo: hayana kazi yoyote inayokuhusu. Unayapitia kwa kuvumilia. Unaziba mlango, unangoja Aprili, na wakati unangoja unatazama simu. Majira matupu namna hiyo yatajazwa na kitu chochote, na kwako yamejazwa na habari za Goma.

Wapo watu waliokaa kwenye ardhi hiyo yako kabla jiji halijajengwa, Waseneca, ambao mpaka leo wana ardhi yao Cattaraugus, mwendo mfupi kusini mwa jiji. Wao ni sehemu ya Haudenosaunee, shirikisho la mataifa ya wenyeji. Katikati ya baridi, Januari au Februari, wana sherehe yao kubwa ya mwaka, na moja ya mambo yanayofanyika ni kuchochea majivu ya moto. Tena kwa desturi yao hadithi husimuliwa wakati wa baridi tu. Kiangazi kikifika, hadithi zinafungwa, watu wanarudi shambani. Fikiria mtoto anayelelewa hivyo: theluji ya kwanza ikianguka, anajua hadithi zimefunguliwa.

Na wanajuaje kwamba wakati wa sherehe umefika? Wanatazama mwezi mwandamo baada ya kundi moja dogo la nyota kufika juu kabisa utosini jioni. Kundi hilo wewe unalijua, au mama yako alilijua. Kwa Kiswahili ni Kilimia, jina lililotoka kwenye kulima, kwa sababu wakulima wa pwani walilitumia kujua mvua: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Siku nilipolitambua hili nilikuwa nimesimama nje ya nyumba yangu, Januari, pua imeganda, nikacheka kwa sauti peke yangu. Watu wa theluji na watu wa minazi, hawajawahi kuonana, wamechagua nyota zilezile kuwaambia wakati wa kufanya jambo gani.

Basi haya ndiyo ninayokuomba uyajaribu, na usiyafanye yote kwa mpigo.

Watoto wako wanaifurahia theluji, na wewe unaona kama wanafurahi juu ya sanda. Wape sababu ya pili ya kuifurahia. Hadithi za nyumbani, za sungura na fisi, za bibi yako, za soko la Virunga, za chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, inavyotelemka mlima na gunia saba za makaa na kijana amepiga goti juu yake, zifanye ziwe za theluji. Zisimuliwe theluji ikiwa chini tu. Wakiziomba Julai, kataa. Mwambie dada yako akurekodie za kwake kwa WhatsApp, kwa sauti, maana anayesubiri naye anahitaji kazi, na kazi ya kulea watoto wa dada yake kwa mbali ni kazi halisi. Mwaka wa kwanza hutaona tofauti kubwa. Mwaka wa pili mwanao wa mwisho atakimbia kukuamsha, mama, imeanguka, na moyo wako utashtuka kama kawaida, kisha utakumbuka kwamba unadaiwa hadithi.

Matanga yako nayo uyatafutie mahali. Chagua jioni moja kila wiki ya baridi, usiku wa mapumziko yako. Waite wanawake wawili watatu wa Goma au Bukavu, mtaa wa Grant na pembeni yake hawakosekani. Pikeni ugali na sombe. Habari za nyumbani zisemwe hapo, zote, hata mbaya, majina yatajwe, mlie kama kuna kulia, muombe. Siku nyingine, simu ikikuletea picha ya maiti barabarani, useme: hii nitaibeba Jumapili. Sikuambii ufiche uchungu. Nakuambia uupe turubai lake, ili usizagae nyumba nzima. Na mwezi wa Aprili, barafu ikiyeyuka, anueni. Pikeni vizuri, vaeni vitenge, hata kama vita havijaisha. Mtaketi tena baridi ikirudi.

La tatu ni koleo. Kwenu mwenye nyumba anatakiwa asafishe njia ya miguu mbele ya nyumba yake, na wazee wengi hawawezi. Kama mtaani kwako kuna bibi wa namna hiyo, nenda na mwanao mkubwa mkamsafishie, hata bila kujua Kiingereza cha kutosha. Theluji mpya ya baridi kali ni nyepesi, inasukumika, lakini ile yenye maji ni nzito kama mchanga, piga kidogokidogo, pinda magoti, mwenye ugonjwa wa moyo asiiguse. Nimewaona watu wengi katika kazi yangu waliovunjika kwa kuwa wapokeaji tu: wanapokea msaada, wanapokea habari, wanapokea baridi. Mtu uliyembeba mwenyewe mtoto mgongoni kuvuka mpaka hukuumbwa kwa ajili ya kupokea tu. Asubuhi ile bibi akifungua mlango akakuta njia nyeusi, safi, mpaka barabarani, theluji ya siku hiyo itakuwa na maana moja isiyo na ubishi, na ni wewe uliyeiandika.

Haya si mageni kwako. Januari 2002, Nyiragongo ulipolipuka na lava ikapita katikati ya Goma mpaka ziwani, mlima haukuwa umemwambia mtu kitu. Lava ikapoa. Watu wakarudi ingali na moto chini, wakapanga mitaa juu yake, wakayavunja yale mawe meusi kwa nyundo, mmojammoja, wakajengea nyumba na kuta za viwanja. Bila shaka umewahi kuegemea ukuta wa namna hiyo ukiwa mtoto, ukachubuka kiwiko, bila kuwaza kwamba umeegemea siku mbaya kuliko zote za mji wako.

Kuhusu vita na kuhusu mlango wa wakimbizi, sina cha kukuahidi, na asiye na uwezo wa kuufungua asikuahidi. Dada yako huenda akasubiri baridi nyingine. Basi ingieni ndani yake mkiwa wawili.

Nilikuambia uweke akilini habari ya ziwa kuganda. Usiku mmoja wa mwishoni mwa Januari mawingu yakiachana, saa moja au saa mbili, kabla hujaenda kazini, vaa kila ulicho nacho utoke kwenye ngazi za nyumba. Elekea kusini uinue kichwa juu sana. Utaona kitu kama ukungu mdogo, kama mtu amepumua kwenye kioo. Tazama kidogo pembeni yake na nyota zitajitenga moja moja. Watu wengi huhesabu sita, wenye macho makali saba.

Kesho yake, saa sita mchana kwako, mpigie dada yako. Nyarugusu itakuwa saa mbili usiku, na kama hakuna mvua, Kilimia kiko juu yake. Mwambie atoke nje. Kwa kuwa yeye yuko kusini ya nyota zile na wewe uko kaskazini yake, ili akione itabidi aelekee kaskazini, nawe ulikiona ukiwa umeelekea kusini, kwa hiyo mtakuwa mmesimama mnatazamana. Muulize anahesabu ngapi.